Mali Bila Daftari: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kanda ya Nakala Rudufu kwa Gharama Nafuu

(Matini ya mada iliyotolewa kwa wamiliki wa biashara ndogo, viongozi wa vyama vya ushirika na vikundi vya uzalishaji mali)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la zamani lilikuwa kitabu chenye jalada gumu, kikitunzwa chini ya meza ya duka. Leo daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta. Mnunuzi wa mazao katika soko la Kibaigwa huandika humo magunia aliyopokea na fedha anazodaiwa na wakulima. Chama cha akiba na mikopo huandika humo hisa za wanachama. Duka la pembejeo huandika humo deni la mkulima atakayelipa baada ya mavuno ya alizeti au zabibu. Kompyuta moja inapohudumia nyingine kadhaa ofisini huitwa seva, na kwa kawaida ndiyo hubeba kumbukumbu zote.

Siku seva hiyo inapokufa, jengo hubaki, shehena hubaki, lakini hakuna tena anayejua nani anadai nini. Mkulima aliyeacha magunia 30 kwa ahadi ya kulipwa hubaki na neno lake tu dhidi ya neno la mnunuzi. Mwanachama aliyeweka akiba kwa miaka 7 hubaki na stakabadhi chache zilizochakaa. Hivyo kutunza nakala ya pili ya kumbukumbu ni suala la haki za watu kabla halijawa suala la mitambo.

Sheria nazo zimelizungumzia jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inamtaka mlipakodi kutunza nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka 5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee, zisiharibiwe wala kufikiwa na asiyehusika. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri navyo vinahitaji kumbukumbu za marejesho zisizotiliwa shaka.

Hatari zinazoikabili seva ya biashara ndogo

Hatari ya kwanza ni umeme. Unapokatika ghafla na kurudi kwa kishindo, diski inaweza kuharibika ikiwa katikati ya kuandika. Hatari ya pili ni vumbi na joto la uwanda huu wa kati, hususan katika miezi mikavu ambapo vumbi hupenya hadi ndani ya feni za kompyuta. Hatari ya tatu ni wizi, kwa kuwa mwizi huichukua seva kama kifaa cha kuuza bila kujali kilichomo. Hatari ya nne ni maafa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Hapa mkoani, mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe wilayani Mpwapwa. Maafa ya namna hiyo huchukua kila kilicho mahali pamoja, nakala rudufu zikiwemo iwapo ziliwekwa chumba kimoja na seva.

Hatari ya tano ni mkono wa binadamu: mtumishi hufuta jalada asilolikusudia, na kosa lenyewe hugundulika baada ya wiki tatu. Hatari ya sita ni virusi vya kompyuta vinavyofunga kumbukumbu na kudai fidia. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150.

Wapo wanaoamini kuwa seva yao iko salama kwa sababu fundi aliweka ndani yake diski mbili pacha zinazoandika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mpangilio huo hufaa pale diski moja inapokufa, kwa kuwa nyingine huendelea na kazi. Hata hivyo, jalada likifutwa katika diski ya kwanza, hufutwa papo hapo katika ya pili. Virusi vikiingia, huingia zote. Diski pacha hazihesabiwi kuwa nakala rudufu.

Nakala iliyookolewa na kukatika kwa umeme

Mwezi Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilishambuliwa na virusi vilivyoitwa NotPetya. Kwa muda mfupi ofisi zake duniani kote zilizimika, na bandari zinazoendeshwa na kampuni hiyo zikakwama. Mafundi walikuwa na nakala nyingi za sehemu kubwa ya mitambo yao, isipokuwa kumbukumbu moja ya msingi: ile inayotambua watumiaji wote wa mtandao wa kampuni na ruhusa zao. Kumbukumbu hiyo ilitunzwa katika seva nyingi zilizokuwa zikinakiliana kila wakati. Waliziamini kwa wingi wake. Lakini kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote ziliharibiwa.

Moja tu ilisalia. Ilikuwa katika ofisi ya kampuni hiyo nchini Ghana, na ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, hivyo seva ikawa nje ya mtandao. Diski yake ilisafirishwa kwa mkono hadi Uingereza, na kutoka hapo kampuni ikaanza kujijenga upya. Baadaye mwenyekiti wake alieleza hadharani kwamba ililazimu kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10.

Funzo lake kwa duka la Bahi au la Chamwino ni lilelile. Nakala inayookoa ni ile iliyochomolewa, iliyo mbali na mtandao, na isiyoguswa na kinachoigusa seva. Kampuni ile iliipata kwa bahati. Mfanyabiashara anaweza kuipanga.

Kwa ajili hiyo wataalamu huweka kanuni rahisi: kumbukumbu ziwe katika nakala tatu, zikiwa zimehifadhiwa kwa vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo.

Kanda ya sumaku ni nini

Wazee wengi wanakumbuka kanda za muziki na za redio. Hotuba na nyimbo zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam zilihifadhiwa kwa kanda za sumaku. Kanda ya kompyuta hufuata asili hiyohiyo: ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa sumaku, umeviringishwa ndani ya kasha la plastiki linaloenea kiganjani. Kasha moja la aina ya LTO-5 lina utepe wenye urefu wa mita 846. Mashine ya kanda huuvuta utepe huo, huandika, kisha hulitoa kasha nje. Likishatoka, hakuna waya unaoliunganisha na chochote, na hakuna virusi vinavyoweza kulifikia likiwa kabatini.

Wengine hudhani teknolojia hii imekufa. Mwezi Februari 2011 kasoro ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na kampuni ya Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda. Asasi kubwa duniani zingali zinatumia kanda kwa kumbukumbu za muda mrefu, kwa sababu kasha lenyewe ni la bei nafuu kwa kila terabaiti, halitumii umeme likiwa limehifadhiwa, na likitunzwa vyema linaweza kudumu hadi miaka 30.

Aina za kanda na kinachopaswa kutazamwa

Aina inayotumika zaidi leo ni LTO, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa kampuni za IBM, HP na Seagate, na kuingia sokoni mwaka 2000 ikiwa na uwezo wa gigabaiti 100. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza uwezo. LTO-5 ya mwaka 2010 hubeba terabaiti 1.5, LTO-6 hubeba terabaiti 2.5, LTO-7 hubeba terabaiti 6, LTO-8 hubeba terabaiti 12 na LTO-9 hubeba terabaiti 18.

Jambo la kwanza la kutazama ni namba mbili zilizoandikwa juu ya kasha. Ile kubwa, mathalani terabaiti 6.25 kwa LTO-6, ni makisio ya kumbukumbu zilizobanwa na mashine. Barua na hesabu hubanika vizuri, lakini picha na video ambazo tayari zimebanwa hazipungui tena. Anayetaka usalama hupiga hesabu kwa namba ndogo, yaani terabaiti 2.5.

Jambo la pili ni upatanifu wa vizazi. Hadi LTO-7, mashine iliweza kusoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia na kuandika katika kizazi kimoja kilichotangulia. Kuanzia LTO-8 utaratibu ulibadilika: mashine ya LTO-8 husoma na kuandika kanda za LTO-7 na LTO-8 pekee. Aliyejaza kanda za LTO-5 kisha akanunua mashine ya LTO-8 atakuwa na kabati la kumbukumbu asizoweza kuzisoma.

Jambo la tatu ni namna ya kuunganisha. Mashine nyingi za LTO hutumia njia iitwayo SAS, ambayo haimo katika kompyuta za kawaida za mezani. Hivyo hununuliwa kadi ya kuingizwa ndani ya seva pamoja na waya wake. Ni vyema fundi aithibitishe nafasi ya kadi hiyo kabla ya fedha kulipwa.

Jambo la nne ni programu ya kuandikia. Programu ya nakala rudufu inayokuja pamoja na Windows Server haiandiki kwenye kanda tangu toleo la mwaka 2008, hivyo lazima kuwepo na programu nyingine. Kwa wanaotumia Linux, ipo Bacula, ambayo hupatikana bila malipo ingawa inahitaji fundi anayeifahamu.

Jambo la tano ni aina zilizopitwa na wakati. Mashine ndogo za DAT zilizokuwa maarufu katika ofisi ndogo huuzwa kwa bei ya chini mno, lakini kanda ya DAT-72 hubeba gigabaiti 36 tu, na hata DAT-160 hubeba gigabaiti 80. Leo flashi moja ya mfukoni huzidi kiasi hicho. Urahisi wa namna hiyo humgharimu mnunuzi baadaye.

Hesabu kabla ya ununuzi

Mashine mpya ya LTO ya vizazi vya karibuni hugharimu maelfu ya dola za Marekani, na hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Kasha ni nafuu, mashine ni ghali. Kwa hiyo kanda hupendeza pale ambapo kumbukumbu ni nyingi, au zinatakiwa kukaa miaka mingi, kiasi kwamba gharama ya mashine inagawanyika katika makasha mengi.

Mfano wa kwanza ni duka la jumla la pembejeo lenye kumbukumbu za gigabaiti 40. Duka hili halihitaji mashine ya kanda. Diski tatu za nje zinatosha: moja inaandikwa leo, ya pili iko kabatini, ya tatu iko nyumbani kwa mwenye duka au kwa mtu anayeaminika, na kila wiki zinabadilishana nafasi. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kuchomoa diski baada ya kuandika, kwa sababu diski inayobaki imechomekwa huangamia pamoja na seva.

Mfano wa pili ni kituo binafsi cha afya kinachotunza picha za eksirei na majalada ya wagonjwa, jumla gigabaiti 900, zikiongezeka kwa gigabaiti 300 kila mwaka. Kanda ya LTO-5 yenye terabaiti 1.5 itajaa baada ya miaka 2. Kanda ya LTO-6 yenye terabaiti 2.5 itatosha kwa takriban miaka 5. Kwa kasi yake ya megabaiti 160 kwa sekunde, LTO-6 huandika gigabaiti 900 kwa muda wa saa 1 na dakika 34, ikiwa diski za seva zinaweza kuilisha kwa kasi hiyo. Kupeleka kiasi hichohicho kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kungechukua zaidi ya siku 8, usiku na mchana bila kukoma.

Hifadhi ya mtandaoni ina faida yake, hasa kwa mabadiliko madogo ya kila siku, na kwa kuwa iko mbali na jengo. Ila ikitegemewa peke yake huwa na udhaifu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, huduma ya intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani. Aliyehitaji kurejesha kumbukumbu zake siku ile alipaswa kusubiri.

Kwa kituo cha mfano wa pili, njia ya gharama nafuu ni mashine ya LTO-6 iliyotumika na kukarabatiwa. Gharama kamili ihesabiwe kwa pamoja: mashine, kadi ya SAS, waya, makasha 12, kasha la kusafishia na malipo ya fundi. Anayeangalia bei ya mashine pekee atashangaa katikati ya safari.

Tahadhari kwa mashine iliyotumika

Kichwa cha mashine ya kanda huchakaa kwa kusuguana na utepe. Kwa hiyo mnunuzi aombe taarifa ya saa ambazo mashine imefanya kazi. Aombe pia kasha zima liandikwe hadi mwisho na kusomwa mbele yake, kwa kuwa mashine yenye kasoro huweza kuandika mwanzo vizuri na kushindwa baadaye. Apewe dhamana ya maandishi na risiti ya mashine ya EFD. Aulize iwapo mashine nyingine ya kizazi hichohicho inapatikana, kwani mashine ikifa na hakuna nyingine ya kusomea, makasha yote huwa bubu. Makasha yenyewe yanunuliwe mapya, maana tofauti ya bei ni ndogo na yanayobebwa ni makubwa.

Mzunguko wa makasha 12

Makasha manne ni ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na huandikwa upya kila wiki. Makasha manne mengine ni ya Ijumaa, yakipokezana kwa mwezi. Makasha matatu ni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, yakipokezana kwa robo mwaka. Kasha la kumi na mbili ni la kufungia mwaka wa hesabu. Hilo halifutwi, bali hutunzwa kwa miaka 5 au zaidi, na kila mwaka hununuliwa jingine la kushika nafasi yake.

Kwa mzunguko huu, jalada lililofutwa kimakosa wiki tatu zilizopita bado lipo katika kasha la Ijumaa. Makasha ya Ijumaa na ya mwezi yakae nje ya jengo.

Matunzo katika hali ya hewa ya Dodoma

Kwa kumbukumbu za muda mrefu kanda hupenda ubaridi wa nyuzi 16 hadi 25 na mahali pakavu. Ukavu upo hapa kwa wingi, lakini joto chini ya paa la bati huvuka kiwango hicho mchana. Kasha lisiachwe ndani ya gari wala dirishani. Liwekwe katika sanduku linalofungika, katika chumba chenye kivuli kisichopigwa jua la alasiri. Mashine iwe mbali na mlango unaofunguliwa kuelekea barabara ya vumbi, na isafishwe kwa kasha la kusafishia pale taa yake inapoomba. Ichomekwe kwenye UPS pamoja na seva.

Kuanzia LTO-4, mashine zina uwezo wa kuficha maandishi kwa neno la siri, endapo programu inayotumika inauwezesha. Kwa taarifa za wagonjwa na wanachama, uwezo huo utumike, ili kasha likiibwa lisimfaidishe mwizi. Lakini neno la siri likisahaulika, kasha hupotea kwa mwenyewe pia. Liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na litunzwe na watu wawili, mbali na makasha.

Kujaribu kurejesha

Mwaka 1998 studio ya filamu ya Pixar nchini Marekani ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya kazi. Mafundi walipoiendea nakala rudufu, waligundua kuwa haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kila mwezi lichaguliwe kasha moja, lirejeshwe jalada moja katika kompyuta nyingine, na jalada hilo lifunguliwe na kusomwa. Matokeo yaandikwe katika daftari la karatasi pamoja na tarehe na sahihi. Kwa vyama na vikundi, jina la mtunza makasha na la msaidizi wake yaingizwe katika muhtasari wa kikao, ili mtunzaji akihama au akiugua kazi isisimame.

Ndugu wananchi,

Si kila biashara katika kata zetu itanunua mashine ya kanda, wala si kila moja inaihitaji. Lakini kila biashara yenye kompyuta inahitaji nakala ya pili iliyochomolewa na iliyo mahali pengine. Mwenye diski mbili aanze na hizo jioni ya leo. Mwenye kumbukumbu nyingi apige hesabu yake kwa namba ndogo ya kasha, aulize kizazi cha mashine, ajaribu kabla ya kulipa. Mkulima aliyeacha magunia yake kwa neno la kuaminiana anastahili kukuta jina lake bado limeandikwa siku atakapokuja kudai.